Nilitaka Kumrudishia Mke Wangu Unene

Kosa ni langu. Nalitamka mapema kabla sijaanza kujitetea, maana najijua: nikipewa nafasi naweza kuongea mpaka nyinyi mkaenda kumlaumu mke wangu.

Nilimtilia mke wangu sukari kwenye uji. Sukari na samli. Kwa siri, kwa wiki tatu. Mke mwenye kisukari! Mke aliyekwenda kupasuliwa tumbo nchi ya mbali ili apone!

Msinitukane bado. Nisikilizeni kwanza, halafu mtanitukana kwa mpangilio.

Jina langu silitaji. Tunaishi Kiseke, watoto wako shule za bweni, nyumbani tumebaki wawili. Mke wangu nitamwita Mama Doto, na anayedhani anamjua akae kimya kama mimi nilivyokaa, ingawa kukaa kimya ndiko kulikoniponza.

Mama Doto hununua sangara Nansio na kuwauza kwenye viwanda vya minofu hapa mjini Mwanza. Enzi hizi za ruksa, kila mtu na biashara yake, zilimkuta amejiandaa. Mimi zilinikuta nyuma ya meza ya chama cha ushirika, nikiandika marobota ya pamba, zikaniondoa mimi na meza yenyewe. Nilipunguzwa kazi. Mwaka huo huo mke wangu akapunguzwa tumbo. Dada yangu Kabula, ambaye mtamsikia sana, alisema nyumba yetu ikiendelea kupunguzwa hivyo utabaki mlango tu.

Mke wangu alikuwa mnene, jamani! Si unene wa kuchekwa. Unene wa kupishwa njia. Akifika mwaloni wanaposhushia samaki asubuhi, kanga zake zimejaa upepo wa ziwa, wavuvi walisogea kama mitumbwi inavyoipisha meli. Na mimi nikitembea nyuma yake nilijiona tajiri. Watu walisema, "Huyu bwana anajua kutunza mke." Nami nikaitikia kwa kichwa. Ukweli ni kwamba alikuwa akijitunza mwenyewe, na mimi nikiwemo kwenye matunzo hayo.

Lakini ndani ya mwili ule kisukari kilikuwa kimeshajenga. Macho yakaanza kuona ukungu. Kidonda kidogo cha kisigino kikakaa miezi kama mgeni asiyeaga. Mama yake mzazi alikatwa mguu kwa ugonjwa huo huo, kisha akatufia. Kwa hiyo kila jioni Mama Doto aliketi ukingoni mwa kitanda akipapasa vidole vyake vya miguu, kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu watoto kabla ya kufunga mlango.

Mdogo wake, shemeji yangu, ni muuguzi Uingereza. Ndiye aliyeandika kwamba huko wako madaktari wanaowapasua watu wanene, wanalibakiza tumbo dogo kama yai la kuku, kisha wanauunganisha utumbo kwa njia ya mkato. Akaandika pia kwamba wengi wenye kisukari wakishapasuliwa, sukari yao inashuka.

"Yai?" nikasema. "Na ugali utakaa wapi?"

"Ugali utakaa kwenye sufuria, Baba Doto. Mimi nitakaa duniani."

Akaenda. Akapasuliwa. Akakaa huko miezi miwili.

Na sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo mimi mwenyewe lilinichukua muda kuliamini. Sukari ilishuka kabla mwili haujapungua! Shemeji alisema ndani ya siku chache tu, kidonda cha upasuaji kikiwa bado kibichi, vipimo vilishaanza kuwa vya mtu mzima wa afya. Madaktari wenyewe walikuwa bado wanabishana ni kwa nini. Wakamsimamisha vidonge vyake vya kisukari. Wakampa masharti: uji mwepesi, supu, maziwa, kijiko baada ya kijiko, na sukari asiiguse. Aendelee kupima, maana hakuna aliyemwekea dhamana.

Nyumbani tulipima kwa dawa ya buluu. Unatia matone ya mkojo kwenye kichupa chembamba cha kioo chenye dawa hiyo, unachemsha juu ya jiko la mafuta ya taa. Kukiwa na sukari, buluu inageuka kijani, kisha njano, na ikizidi kabisa inakuwa nyekundu ya tofali. Zamani kichupa cha mke wangu kilitoa tofali za kutosha kujenga choo. Siku aliyorudi, kilibaki buluu. Buluu kama ziwa saa tatu asubuhi, upepo ukiwa haujaamka. Alinishika mkono, tukakitazama kile kichupa kama watu wanaotazama mtoto mchanga.

Sasa mtaniuliza: ulikuwa na shida gani, mzee?

Macho ya watu! Kanga iliyokuwa ikimtosha kwa tabu sasa inamzunguka mara mbili na pembe inabaki. Mashavu yameingia ndani. Na miaka hii, huku kwetu kando ya ziwa, mtu akikonda hakuna anayeuliza amekula nini. Wanauliza amelala na nani.

Yeye hakujali. Mchuuzi mmoja alimwambia mwaloni, "Mama Doto, pole, umekwisha!" Akamjibu, "Sijaisha, ndiyo kwanza naanza. Toa samaki." Mimi nilikuwa nyuma yake. Mimi ndiye niliyekwisha.

Wiki ileile dada Kabula akaja kutoka Misungwi, kibuyu cha samli mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Huyu ni nani?"

"Si wifi yako!"

"Wifi yangu nilimwacha kwenye kiti hiki, akakijaza. Huyu labda ni mdogo wake."

Mama Doto alicheka mpaka akashika mshono. Mimi nikafuatwa jikoni.

"Mdogo wangu, niambie ukweli. Humpi chakula?"

"Dada, amepasuliwa."

"Mtu akipasuliwa analishwa! Mwezi ujao namwoza binti yangu, ukoo mzima utakuwepo. Ukimleta hivi watasema tangu ufukuzwe kazi mnakula kwa zamu."

"Sikufukuzwa. Nilipunguzwa."

"Na yeye amepunguzwa. Samli hiyo hapo."

Akaondoka. Maneno yake yakabaki jikoni kama moshi. Nikayaona macho ya baba zangu wadogo, nikawasikia mashangazi wakinong'ona nyuma ya viganja. Mwanamume asiye na kazi, na mke aliyekonda! Nikaona kitakachoniokoa ni kilo chache tu. Kilo chache za mke wangu.

Kwa kuwa nilikuwa nashinda nyumbani, mpishi nilikuwa mimi. Kesho yake nikapika uji wa ulezi kwa maziwa, nikatia kijiko kikubwa cha samli. Sukari niliongeza mwenyewe, vijiko vitatu. Hapo simsingizii dada. Kisha nikakamua ndimu mbili ili uchachu ufunike utamu. Ujanja huo sijui niliutoa wapi. Kwenye ushirika sikuwahi kuwa na akili hiyo.

Akaonja. Akanitazama juu ya kikombe.

"Baba Doto, uji huu una utamu wa nini?"

"Ulezi mpya. Wa Misungwi."

"Mh! Au ni ulimi wangu? Tangu nipasuliwe kila kitu kimebadilika ladha."

"Ni ulimi," nikasema.

Jamani! Nilimfanya mtu autilie shaka ulimi wake mwenyewe!

Hakumaliza nusu kikombe. Jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio, tumbo likasokota, akalala chini kwenye mkeka akinishika mguu. Baadaye nilielezwa kwamba tumbo lililokatwa namna ile haliwezi kuhimili sukari; inateremka yote kwa mkupuo na mwili unahamanika. Lakini wakati ule nilijiambia mwili unaanza kupokea. Siku ya pili nikapika tena. Na ya tatu, naye akinywa kijiko kijiko, akidhani ni tumbo jipya bado halijazoea.

Wiki ya pili akapima. Dawa ikachemka, ikageuka kijani.

Alizima jiko, akaenda kukaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kupapasa vidole vya miguu.

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Maneno manne tu: Mama Doto, ni mimi. Ningesema, angenirushia kikombe, tungemalizana. Badala yake nikasimama mlangoni nikasema, "Labda dawa imeharibika." Kisha nikaenda jikoni, nikapunguza sukari kutoka vijiko vitatu hadi viwili, nikajiona mcha Mungu.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mwenzangu naye alikuwa na siri yake. Aliamini upasuaji umeshindwa. Alimwandikia mdogo wake, lakini barua ya Uingereza haifiki kwa siku mbili. Kwa hofu, akavitoa vile vidonge vya zamani alivyokatazwa, akaanza kumeza kimyakimya ili asinitie wasiwasi. Asinitie wasiwasi mimi! Tukawa wawili ndani ya nyumba moja, tunautibu mwili mmoja kwa siri, kila mtu kinyume cha mwenzake.

Siku ya harusi tuliondoka alfajiri kwenda Misungwi. Sikupata nafasi ya kupika uji. Yeye alimeza kidonge chake na maji, bila chochote tumboni.

Mchana, zamu ya kutoa zawadi ilipofika, akainuka na kitenge begani. Alipendeza, wallahi! Gauni jipya, mwendo mwepesi, shingo imetoka kama ya msichana. Nikasikia shangazi mmoja akiuliza, "Huyu mrembo ni wa nani?" Nikafungua mdomo niseme ni wangu. Nikamwona anayumba. Akamwita bibi harusi kwa jina la mama yake aliyekufa. Jasho likatiririka usoni, akaanguka juu ya zawadi yake mwenyewe.

Ngoma zikanyamaza. Na katika ukimya ule nikasikia mtu akisema, "Si mnaona? Ni ule ugonjwa."

Tukamkimbiza hospitali. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Akafungua mkoba wa mke wangu, akatoa vidonge.

"Huyu ana kisukari?"

Nikamweleza habari ya Uingereza, mbio mbio.

"Sasa kama alisimamishwa dawa, kwa nini amezirudia?"

"Dawa ya kupimia mkojo iligeuka kijani," nikasema.

"Kwa nini igeuke kijani, na hatumii sukari?"

Dada Kabula alikuwa pembeni yangu. Shangazi wawili walikuwa mlangoni. Mke wangu alikuwa kitandani, baridi kama samaki wa barafu, pumzi inakuja kwa kuhesabiwa. Sijawahi kuona mlango wa chumba ukiwa mdogo kiasi kile.

"Nilimtilia mimi," nikasema. "Kwenye uji."

Muuguzi alinitazama juu ya miwani. Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru. Alikuja daktari, wakamtundikia chupa ya maji ya sukari, kwa sababu sasa damu yake ilikuwa imeishiwa sukari kabisa: kidonge kiliishusha, na tumboni hamkuwa na kitu. Nikakaa nikitazama sukari ikiingia mshipani tone kwa tone, safari hii kwa idhini, na kila tone nikalibembeleza: nenda, mama, nenda.

Alifumbua macho jua likielekea kuzama. Dada Kabula, ambaye mdomo wake haujui foleni, akawahi.

"Wifi, pole. Kumbe mumeo alikuwa anakunenepesha kama ng'ombe wa mnada! Samli ni yangu, nakiri. Ya sukari mwulize mwenyewe."

Mama Doto akageuza kichwa polepole.

"Kumbe si ulimi wangu?"

"Si ulimi wako."

"Na kijani?"

"Ni mimi."

Nilingoja anipige, nilingoja alie. Akasema kwa sauti ndogo, kama anamwambia mtu mwingine:

"Nilikuwa nimeshaanza kuiaga miguu yangu, Baba Doto."

Nililia, ndugu zangu. Mtu mzima, mbele ya dada yangu na shangazi wawili, nililia mpaka muuguzi akaniuliza kama na mimi nina kisukari.

Mwaka umepita. Vidonge aliviacha tena, safari hii chini ya macho ya daktari wa hapa. Dawa ya buluu inabaki buluu, kidonda cha kisigino kimefunga, na haachi kupima. Anakwenda Nansio na kurudi, mwepesi, mkali, ananunua samaki wengi kuliko zamani. Kisa chetu anakisimulia mwenyewe mwaloni, wanawake wanacheka mpaka wanashikilia mizani. Mimi naitwa Bwana Samli. Naitika, nifanyeje?

Amenisamehe, anasema. Lakini jikoni sina kazi tena. Anapika uji wake mwenyewe na kuubeba kwenye chupa. Nikimpa hata maji ya kunywa, ananirudishia glasi kwanza, mbele ya wageni, bila hasira: "Onja." Naonja. Wageni wanacheka, naye anacheka. Mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba hatanii.

Sasa nawaambia nyinyi mnaosoma. Aliyepasuliwa na kupewa masharti, mwacheni na masharti yake. Na wewe uliyepasuliwa, usirudie vidonge vya zamani kabla hujamwuliza daktari, hata ukiona rangi gani kwenye kichupa. Na nyinyi wanaume wenzangu mnaopenda kupimiwa heshima kwa upana wa wake zenu, nawaomba kwa mikono miwili: mwili wa mkeo si kibao cha dukani kwako. Watu wakisema, waache waseme. Ukishindwa kuvumilia aibu yako, inywe mwenyewe. Usimtilie mwenzako kwenye kikombe.