Nilivyokwenda Kusimamia Maombi ya Yusta

Siku ya kwanza kazini nilifika kwenye ghala la tumbaku na kandambili, na Bwana Mteuzi akaniuliza kama nimekuja kuoga. Nilikuwa kijana wa darasa la saba kutoka Kasekese, sina cheti, sina mjomba mkubwa popote. Nyie mnaosoma haya mnaijua tumbaku kwa jina tu, kwa hiyo niwaeleze. Jani likitoka shambani linaingia kwenye bani, yaani kile kijumba kirefu cha tofali cha kulikaushia kwa moto. Likikauka linachambuliwa, rangi ya limau huku, rangi ya chungwa kule, halafu linashindiliwa na kufungwa kwa gunia mpaka liwe mzigo mmoja wa mraba. Huo ndio belo. Kazi ya mwaka mzima ya baba, mama na watoto imo mle ndani.

Siku ya soko mabelo yanapangwa kwa mistari sakafuni. Mteuzi, ambaye ni mtu wa serikali, anapita, anachomoa majani machache, anayageuza kwenye mwanga, anataja daraja, karani anaandika, basi. Ukikohoa umekosa. Mkulima haruhusiwi kumsemesha, lakini anasimama pale pale kwenye mzigo wake. Asiyeridhika na daraja anaweza kulikataa, akarudi nyumbani kuchambua upya. Bwana Mteuzi yule wa kwanza, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamsha kijiji, ndiye aliyenifundisha siri ya kazi.

"Wewe kandambili," aliniambia, "belo lisilo na mtu linaonekana limetupwa. Katafute mwenyewe aje asimame."

Wapo wanaobisha kwamba jani ni jani tu. Mimi nimeona kwa macho yangu. Pale penye mtu, mkono wa mteuzi unachimba zaidi.

Nikapanda cheo. Nilibeba mizigo, nikafunga mabelo, nikasaidia kwenye mizani, mwisho nikawa Msimamizi wa Ghala. Mameneja walikuja na digrii zao na kuondoka nazo, funguo nikabaki nazo mimi. Nyumba ya Nsemulwa, hapa Mpanda, nimeijenga kwa mikono hii, na duka la Kashaulili mnaliona. Hakuna aliyenishika mkono.

Sasa Yusta, binti yangu wa mwisho, akamaliza kidato cha sita na kuomba chuo kikuu kile kikubwa cha serikali kule Dar es Salaam, udaktari chaguo la kwanza. Aliomba kwa simu, amekaa kwenye kigoda jikoni, mama yake anapepeta mchele pembeni. Nilidhani ananitania. Nikamuuliza kule Dar nani yuko na maombi yake. Akasema hakuna mtu, yapo kwenye mfumo. Hebu fikirieni, vijana wa nchi nzima wameomba, na ya mwanangu yamelala huko peke yake.

Halafu tukaanza kungoja. Kungoja soko nakujua, ila huku kulikuwa kwingine. Yusta alikuwa anakigusa chakula tu, hali. Simu ikilia anaruka kama ameguswa na moto, kumbe ni tangazo la kubeti. Alikuwa anafagia uwanja ambao ameshaufagia. Mama Yusta akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto akikosa chuo hiki tutamwokota vipande vipande. Na mimi, ambaye ghala zima lilikuwa linanyamaza nikiingia, nikawa sina la kumwambia mwanangu.

Ndipo nikasema nakwenda kusimama.

"Baba, utanitia aibu," Yusta alisema. "Yale ni maombi, si tumbaku."

"Ndiyo maana nakwenda mwenyewe. Ingekuwa tumbaku ningemtuma mtu."

Nikapanda basi. Mdogo wangu anauza mchele Mbagala, kwake nikapata pa kulala, na asubuhi yake nikawa getini pa chuo, koti limepigwa pasi. Mlinzi alikuwa mzee wa rika langu, mnene, anapiga mswaki kwa kijiti.

"Shikamoo" hatukupeana, tulijiona tu tupo sawa. Akaniuliza, "Ndugu yangu, unamtafuta nani?"

"Nimekuja kusimama na maombi ya mwanangu."

"Maombi hayasimamiwi siku hizi. Yapo kwenye kompyuta."

"Kompyuta ipo jengo gani?"

Alicheka mpaka akashika geti. Lakini alipomaliza kucheka hakunifukuza. Alinipeleka hadi ofisi ya udahili, yaani wanakopokelea wanafunzi wapya, akanionyesha benchi. Dada wa dirishani akanieleza kwa heshima kwamba hata yeye hayaoni majibu kabla ya wakati, na kwamba yatakwenda kwenye simu ya binti huko huko Mpanda. Nikamjibu kwamba siombi upendeleo, nataka tu ijulikane kuwa yule mtoto ana mwenyewe. Akanitazama kidogo, akaniambia haya mzee, kaa.

Nikakaa. Kila siku nilikuwa pale wanapofungua, na jioni natoka nao. Mchana nilikula na mlinzi, nikawa namweleza habari za Yusta: jinsi alivyokuwa akiwapanga watoto wa jirani kwenye magunia matupu na kuwafundisha kuhesabu, jinsi anavyokunja uso akiwaza, jinsi asivyopenda dagaa. Mlinzi akasema sasa anamjua binti huyu kuliko wapwa wake. Akaanza kunisalimu kwa kuuliza, "Yusta amelalaje?"

Majibu yakatoka nikiwa benchini. Simu ikalia, nikasikia vigelegele vya Mama Yusta kabla hata sijasema haloo.

"Baba, nimechaguliwa."

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikauliza, udaktari? Akasema hapana, ualimu wa sayansi, ule aliouweka wa pili.

Damu ya ghalani ikanipanda. Nikamwambia akatae, tungoje awamu nyingine, mimi nipo hapa hapa na siondoki.

"Baba," alisema, taratibu kabisa, "udaktari ulikuwa wako. Nilikuandikia wewe. Huu wa pili ndio wangu."

Huko nyuma namsikia mama yake anaimba. Yusta naye akaanza kulia, akaniambia ungekuwa hapa, baba, ningekushika. Dada wa dirishani alikuwa ameinuka kwenye kiti chake ananitazama. Nikamwambia Yusta haya, likubali daraja lako, mwalimu wangu. Mlinzi akaja mbio na tumbo lake lile, akanikumbatia mbele za watu.

Sasa nimestaafu. Vumbi la tumbaku limeshakaa kifuani, daktari akasema ghala basi, nikakabidhi funguo nyingine zote nikabaki na za duka. Wazazi wanakuja pale Kashaulili kuniuliza kama ni kweli nilimwingiza mtoto chuo kikuu kwa kukaa kwenye benchi. Nawajibu ni kweli. Yusta akiwa likizo anasikia, anacheka, habishi.

Wengine wanasema kompyuta haikujua kama nipo. Mimi kompyuta siifahamu, sibishani nayo. Ila siku Yusta alipofika kuanza masomo nilikuwa naye, nimembebea begi. Mji hajawahi kuuona, ananishika mkono wa koti kama alipokuwa mdogo. Tulipokaribia getini, kabla hajafungua mdomo kujitambulisha, mlinzi aliinuka kwenye kiti chake.

"Yusta," alisema, "karibu mwanangu. Leo hakuna dagaa."