Waliufuta mwaka mbaya, wakaliacha jina langu

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka sabini na minane, mzaliwa wa Kindu, nimezeekea ugenini.

Wakati wa Zaïre, chama kikiwa kimoja, nilifanya kazi katika ofisi ya mipango. Ilipoletwa kompyuta ya kwanza, nilipewa kazi ya kuipanga ili itabiri mavuno ya mpunga na mabehewa ya kuusafirisha. Niliingiza mavuno ya nyuma, mvua, na hali ya vichwa vya treni. Nikatayarisha makadirio matatu: mwaka mzuri, wa kati, na mbaya. Kwa treni zilivyochoka, hesabu ilielekea kwenye mbaya.

Mkurugenzi alicheka, akaniita mwananchi kwa Kifaransa kama ilivyokuwa desturi enzi hizo. "Citoyen, chama iko inaongoza, na wewe unatuletea mwaka mubaya? Futa!"

"Patron, mabehewa hayatatosha."

"Weka yatoshe. Ni mashine, haina mudomo."

Nilikataa. Akamwita mfanyakazi mwingine, mwaka mbaya ukafutwa, kisha makadirio yakasomwa redioni kwa jina langu.

Baba mkwe wangu, mkulima wa Mikelenge, alifurahi kusikia jina la mkwewe. Akafyeka shamba jipya, majirani wakamfuata. Nilikimbia kumwonya.

"Redio inasema wewe umesema mabehewa yatakuja," akanijibu. "Sasa unasema hayakuji. Muongo njo nani, ni redio ao ni wewe?"

Mpunga ulivunwa, ukangoja stesheni, ukanyeshewa, ukaota ndani ya magunia. Mkutanoni mkurugenzi alininyooshea kidole: "Mashine haina kosa. Aliyeipanga njo huyu." Nikafukuzwa kazi. Baba mkwe alikufa bila kupokea tena salamu yangu, na shemeji zangu hadi leo hawali kwangu.

Sasa watoto wa mkurugenzi wanamwandalia sherehe, eti ndiye aliyeleta utabiri wa kompyuta mkoani kwetu Maniema. Binti yake alinipigia simu kwa adabu: "Papa, wa ile ofisi umebakia wewe tu. Uje useme neno." Mzee mwenyewe hawatambui hata wanawe.

Mke wangu anasema, "Enda, useme yote. Baba alikufa akikuita muongo."

Kifungua mimba wetu anapinga: "Papa, utamuaibisha mutu asiyejua tena hata jina yake. Utapata nini?"

Shemeji zangu wamealikwa pia. Hawatakusanyika tena mahali pamoja nikiwa hai. Nikisema, nitawaliza watoto wasio na hatia. Nikinyamaza, nitazikwa na uongo ambao si wangu. Ninyi mnaonisoma, mngekuwa mimi mngefanya nini? Sherehe ni Jumamosi hii.