Mapazia ya Darlène na Bunduki ya Mlangoni

Mteja aliyeingia dukani kwa Darlène, pale Kisenyi jijini Kampala, kutafuta pazia la bluu hakuonyeshwa pazia lolote kwanza. Aliulizwa dirisha lake linaelekea wapi, jua linaingia asubuhi au jioni, na kama nyumbani kuna mtu anayelala mchana. Mwisho wa mazungumzo angeondoka na pazia la rangi ya udongo, ameridhika kabisa, akijiuliza ni kwa nini miaka yote alidhani anapenda bluu.

Darlène alikuwa Mnande wa Butembo, mashariki mwa Kongo. Alifika Kampala na binti yake Annick mgongoni, baada ya watu wenye bunduki kuingia mtaani kwao. Hayo hakuyasimulia. Akiulizwa alisema, "Kulikuwa fujo," halafu akauliza habari za dirisha lako. Alianza kwa kuwashonea wengine pindo za mapazia, akasogea polepole hadi akapata chumba chake: chembamba, cherehani nyuma, marobota ya vitambaa mpaka darini. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Wamalwa, Mkenya wa Bungoma muuza sufuria, aliyejua siasa za nchi tatu na kuzilalamikia zote.

Mwaka ule sheria ya kodi ilikuwa imebadilishwa tena. Kitambaa kilitozwa kivyake, na "bidhaa ya nyumbani iliyokamilika" ikatozwa kivyake, tena kwa kiwango cha kutisha. Kitambaa kinaishia wapi na ukamilifu unaanzia wapi, hapakuwa na mtu mtaani aliyejua. Wamalwa alidai hata wabunge walioipitisha hawakujua, kwa sababu waliipigia kura wakiwa na njaa.

Asubuhi moja milango ya chuma ikaanza kushushwa, duka baada ya duka, kwa kishindo kinachokimbia kutoka mwanzo wa mtaa. Watu wa kodi walikuwa wamefika. Darlène alikuwa amepanda kwenye ngazi anashusha robota, na kabla hajafika chini walikuwa wameshaingia: ofisa mmoja, msichana mpole aliyeitwa Nakitto, na nyuma yake askari mrefu mwenye bunduki kifuani.

"Nnyabo, habari ya kazi. Haya ni mapazia?" Nakitto aliuliza, akimwita bibi kwa Kiganda.

"Iko vitambaa, binti yangu. Mi nakata, mi nakunja pindo, mteja anapeleka kwake."

"Pindo umeshashona?"

"Ya juu tu. Ya chini naacha mpaka nijue dirisha iko na urefu gani."

Nakitto akatazama simu yake, ambamo sheria yote ilikuwemo. Akaipandisha, akaishusha. Sheria ilisema "iliyokamilika". Haikusema ni kwa pindo ngapi. Akampigia mkubwa wake, naye akasema hayo ni mapazia, yachukuliwe. Akampigia mwenzake wa ofisi nyingine, naye akasema pazia lisilo na pindo la chini ni kitambaa. Nakitto akabaki amesimama, simu mkononi, kama mtu aliyeelekezwa njia mbili na wenyeji wawili.

"Basi tutachukua mzigo mpaka waamue," alisema. "Afande, saidia."

Askari akaingia ndani zaidi, akainama kushika robota. Mtutu ukapita karibu na uso wa Darlène, ukanasa kwenye nyuzi za pazia jeupe lililoning'inia. Darlène alijikuta amekaa kwenye kigoda cha cherehani, na kwa kitambo akawa hayupo Kisenyi tena. Alikuwa Butembo, amemfunika Annick mdomo.

Alipoinuka, aliliondoa pazia kwenye mtutu yeye mwenyewe, uzi kwa uzi.

"Afande, jina yako nani?"

"Oyat, mama."

"Afande Oyat, mi nitajibu maswali yote. Lakini hiyo kitu ikae nje."

"Mama, bunduki haiachwi. Ni amri."

"Sisemi uiache. Nasema wewe na hiyo bunduki mukae nje pamoja. Hapa ndani iko mapazia tu. Haiko mtu wa kupiga."

Oyat akamtazama Nakitto. Nakitto akatazama nyuzi nyeupe zilizobaki vidoleni mwa Darlène. Ikaonekana wazi kwamba hakuwahi kufikiri bunduki ile ilikuwa ikifanya nini nyuma ya mgongo wake kila siku.

"Nenda usimame nje kidogo, ssebo," alisema.

Oyat akatoka, akasimama juani. Milango kadhaa ikainuliwa kiasi cha jicho kuchungulia.

Marobota yalichukuliwa hata hivyo, na Darlène akaachiwa karatasi yenye muhuri. Lakini kilichozungumzwa mtaani hakikuwa marobota. "Mama Annick amemtoa askari dukani," walisema, na habari ilipofika Katwe, ilisemwa kwamba amemnyang'anya bunduki.

Wafanyabiashara wakafunga maduka kupinga kodi ile. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, kwa hiyo mbunge mmoja akagundua ghafla kwamba anawapenda wenye maduka, akaitisha kikao ukumbini. Wamalwa alijiandaa kwa siku nzima, akasimama akaongea juu ya viwango, vifungu na historia ya kodi tangu ukoloni, mpaka mheshimiwa akaanza kusoma ujumbe kwenye simu. Mheshimiwa akajibu kwamba sheria ni ngumu, hata yeye bado anaisoma, na kamati itaundwa.

Kisha wafanyabiashara wenzake wakamsukuma Darlène mbele.

"Mheshimiwa, mi sheria siielewi," alisema. "Kamati ikae, isome. Lakini wakati mnasoma, watu wanakuja kuniuliza kitu hamjajua bado, na wanauliza na bunduki. Kama swali ni gumu kwenu, mbona kwangu linakuja na risasi? Watume msichana na simu yake. Mi nitamupatia kiti."

Ukumbini watu wakaanza kugonga viti. Mheshimiwa aliona kamera za simu, akaahidi kulipeleka ombi hilo mbele.

Alilipeleka kweli, maana lilikuwa jepesi kuliko sheria yenyewe. Kabla ya maduka kufunguliwa likatoka agizo: katika mitaa ile, askari watabaki kwenye gari mpaka waitwe. Kamati nayo ikaamua kwamba pazia lisilo na pindo la chini ni kitambaa, hadi bajeti ijayo. Marobota yakarudi, mawili yameloa mvua. Darlène aliyaanika juu ya paa, akayauza kwa bei ya chini, akamnunia wiki nzima Wamalwa aliyesema yananuka.

Wamalwa alimshauri agombee udiwani. Darlène alicheka, akamwambia ashike ncha ya pili ya kitambaa. Mteja alikuwa mlangoni, mwenye nyumba mpya huko Mulago, anataka pazia jekundu.

"Dirisha inaangalia wapi, mama?" Darlène alimwuliza.