Mpira wa Baiskeli Ndani ya Mashine ya Mbarouk

Jamani, hili halijaniingia. Mbarouk tumemzika jana alasiri, na leo asubuhi nimepita chini ya dirisha lake nikamwita kwa tusi kama siku zote. Nikasimama pale kama mjinga, nangojea anijibu.

Tangu jana situlii. Nakaa, nainuka. Nimekwenda sokoni Darajani mara tatu, sikununua hata ndimu. Mke wangu kanambia, "Wee mzee, ama kaa ama toka, unanitia kizunguzungu!"

Basi nnaandika. Nyie wajukuu mnaonifuata humu mtandaoni mmezoea vichekesho. Leo nivumilieni.

Jana makaburini tuliulizwa, "Marehemu mnamjua vipi?" Sote tukajibu: mtu mwema. Nyuma yangu bwana mmoja akamnong'oneza mwenziwe, "Mwema kweli, ila Vifaranga huyu kaharibu nyimbo za watu." Wakachekea viganjani. Na mie, domo kubwa kuliko wote mjini hapa, nikanyamaza.

Kwa nyie msomjua: Mbarouk, karani mstaafu wa bandarini, sahibu yangu tangu chuoni kwa maalimu, tukisoma Kurani, ndiye wa kwanza mtaani kwetu kuunganisha mashine ya santuri na kompyuta. Ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni. Santuri za taarab za wazee wetu zilikuwa zinaharibika makabatini kwa joto na chumvi, naye akataka kuzitia kwenye CD kabla hazijafa.

Kwanza alichomeka waya tundu la maikrofoni. Sauti ikatoka kama mtu yumo ndani ya gunia.

Akapitisha kwenye amplifaya, akahamia tundu la line-in, la kuingizia muziki. Sauti ikaja, na mngurumo juu yake. Akafunga waya wa earth kwenye nondo ya dirisha, mngurumo ukakata. "Kha! Injinia!" nikamwambia.

"Nyamaza, tunarekodi."

Kompyuta haikuwa ikitusikia hata kidogo, sauti ilipita ndani ya waya tu. Lakini alininyamazisha hivyo hivyo, upande mzima wa santuri. Nadhani alikuwa anapumzika na domo langu.

Siku moja mpira unaozungusha sahani ya kuwekea santuri ukakatika. Mie fundi baiskeli, nikamwambia niachie. Nikakata ukanda wa tyubu, nikaunga kwa solusheni, gundi ya viraka, nikamuapia kuwa ni original, umetoka Dubai.

Akaniamini, masikini.

Tukarekodi santuri kama arobaini. Waimbaji wote sauti nyembamba, mbio mbio. Mbarouk alikunja uso, mie nikamtuliza: "Watu wa zamani ndivyo walivyokuwa, hawakula chipsi." CD zikaenda Bububu, zikaenda Chukwani, zikafika mpaka Muscat kwa jamaa.

Kisha akaja Bi Zeyana wa Michenzani. Bi Zeyana, Mungu amrehemu, ni mama wa mke wangu, na hakunipenda hata siku moja. Katika usichana wake aliimba nyimbo moja tu kwenye santuri, na mwenyewe hakuwa nayo. Mbarouk ndiye aliyeipata. Sikio moja la Bi lilikuwa limeshaziba, na la pili linafuata. Alitaka ajisikie mara moja tu kabla halijafunga na hilo.

Tukamvisha headphone juu ya mtandio. Akasikiliza kidogo, akazivua.

"Huyu nani? Kifaranga?"

"Ni wewe, Bi."

"Mimi? Mwanangu Mbarouk, mimi mtu mzima. Usinicheze shere."

Mbarouk akabandika kipande cha karatasi juu ya santuri, akashika saa, mie nikahesabu mizunguko ya dakika moja. Thelathini na sita. "Hesabu tena, wewe shule uliikimbia." Thelathini na sita. Ilitakiwa thelathini na tatu na ushei.

Akafungua mashine. Tyubu ile pale, nene, na kiraka chake. Unene wake ndio uliokuwa ukiikimbiza santuri. Akanitazama. Mie nikamtazama mama mkwe.

"Nani kafanya ufundi huu?" Bi akauliza.

"Mkono wangu, Bi," Mbarouk akasema. "Nisamehe."

Tulipokuwa tunamsindikiza Bi ngazini akaninong'oneza, "Mkweo yule. Leo ungelala wapi?"

Mpira wa kweli uliletwa na jamaa yake wa Muscat. Santuri zote akazirudia moja moja, na hapo hakuna njia ya mkato: upande wa dakika ishirini unaukalia dakika ishirini. Akaanza na ya Bi Zeyana.

Bi akasikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. "Hapa nlikosa pumzi," akasema. "Nliwaambia turudie, wakakataa." Akacheka! Bi Zeyana, kucheka mbele yangu!

Miezi michache baadaye sikio lile nalo likafunga.

Lakini CD za mwanzo hazikurudi, na jina la Vifaranga, kwa zile sauti nyembamba, likamganda Mbarouk. Harusini, barazani, kwenye kahawa. Na mie nlicheka nao. Mara nyingine nlianza mie. Yeye ananitazama tu, ananisogezea sahani ya kashata.

Basi someni vizuri, na yule bwana wa makaburini asome mara mbili: tyubu nlikata mie. Uongo wa Dubai ni wangu. Mbarouk hakuharibu nyimbo ya mtu, alikosea kuniamini mie, basi. Mwenye CD ya mwanzo aende kwa binti wa Mbarouk akachukue iliyo sawa. Zipo zote.

Mke wangu kasoma haya begani kwangu. Kaenda jikoni, nasikia sufuria zinavyopigwa.

Mbarouk, mshenzi wangu, nlitakiwa niyaseme haya ukiwa hai, ukanicheka usoni. Lala kwa raha, sahibu. Na huko ukiulizwa habari za tyubu, usiseme tena mkono wako. Waambie mwenyewe yuko njiani, atakuja kujibu.