Jina la Gibson Katika Kitabu cha Sabato

Asikudanganye mtu kwamba Kemuma alifanya vile kwa kupenda haki. Haki aliipenda, lakini safari hii alitaka kumwonyesha Gibson Omosa cha mtema kuni.

Gibson alikuwa meneja wa wafanyakazi katika kiwanda cha kupakia chai nje ya Kebirigo, na siku ya Sabato alikuwa mzee wa kanisa. Kemuma alikuwa karani wa mafaili papo hapo kiwandani. Mumewe Joash, fundi wa mitambo, alipofariki, Gibson alimzungusha miezi kumi na sita kwa pensheni ya marehemu. Lete cheti cha kifo. Lete barua ya chifu. Cheti kimepotea, lete kingine. Mara ya tatu akamwambia mbele ya ofisi nzima, "Mama Purity, huyo bwana yako hata akikufa anasumbua watu." Makarani wakacheka. Kemuma hakulia, neno hilo aliliweka moyoni.

Mwaka huu wenye kampuni wakaamua kukiuza kiwanda hicho, kampuni yao tanzu. Kanuni za mfuko wa pensheni zilitaka wafanyakazi wote sitini na watatu waitwe mkutanoni, waelezwe akiba yao itahamia wapi, wakubali au wakatae, kisha ripoti ipelekwe kwa mamlaka ya pensheni. Hakuna aliyeitwa. Mnunuzi hakutaka mzigo wa pensheni za miaka ya nyuma, na Gibson alishaahidiwa cheo kwa mnunuzi huyo. Basi akajifungia, akatunga kumbukumbu za mkutano, akawapigia watu wote sahihi. Akampa Kemuma azitume pamoja na ripoti.

Kemuma aliona sahihi yake ya bandia, imepinda vibaya. Halafu akaona tarehe: 14 Juni, saa tatu hadi saa sita, mwenyekiti Gibson Omosa. Akatazama kalenda ukutani, nusura apige vigelegele. Ilikuwa Jumamosi, siku ya Sabato. Mpumbavu yule alitoa tarehe kichwani bila kuangalia siku.

Na kitabu cha mahudhurio cha Shule ya Sabato huandikwa na nani? Na Kemuma. Asubuhi ile nusu ya kiwanda ilikuwa kanisani, na mwalimu wa darasa la watu wazima alikuwa Mzee Gibson, jina lake pale, sahihi yake ya kweli ubavuni. Kemuma akatoa nakala ya ukurasa, akaongeza barua ya mistari minne, akatia vyote kwenye bahasha ya ripoti. Aliibandika polepole, kwa raha zake.

Wiki ya tatu mauzo yakasimamishwa, wachunguzi wakatangazwa. Ijumaa Gibson akamkuta Kemuma akifagia kanisa.

"Dada Kemuma, nisaidie. Sema uliandika vibaya, kwamba ile Sabato sikuwa hapa."

Kemuma akakileta kitabu, akakifungua kwenye ile tarehe, akalaza kalamu juu yake.

"Jifute mwenyewe, mzee. Kesho nitasomea kanisa kwamba uliacha darasa la Bwana ukaenda kwa mkutano wa kampuni. Halafu uambie hawa wenzangu wa kiwandani, walioandikwa humu, walikaa viti gani huko."

Gibson aliishika kalamu. Kisha akairudisha. Kemuma alimtazama bila chembe ya huruma, na roho yake ikatulia kwa mara ya kwanza tangu wamzike Joash.

"Nihurumie, Mama Purity."

"Lete barua ya chifu," akamjibu, akaendelea kufagia.