Anza na Ncha za Mbao

Nakumbuka Jumamosi moja nikiwa kijana, hapa hapa Thika, nina kopo moja la vanishi na kiburi cha makopo kumi. Nilikuwa nimemjengea mama baraza la mbao nje ya mlango wa jikoni, kwa sababu goti lilimsumbua, na matope ya huku unayajua, hayamhurumii mwenye mkongojo. Akikaa pale juani akichambua maharagwe, moyo wake ulitulia.

Masika yalikuwa yanakaribia, na wiki iliyofuata wakwe wa dada yangu walikuwa waje kwa mazungumzo ya mahari. Pesa za kopo la pili sikuwa nazo. Basi nikaamua hilo moja nilipake juu tu, mara tatu, mpaka wageni wajione sura zao.

Mama akatoka, akainama kwa shida, akagusa mwisho wa ubao pale kwenye ngazi, mahali msumeno ulipopita.

"Na huku mwisho mbona hujapaka?"

"Ai, mami, nani atainama kuangalia huko?"

Akashika mkongojo wake, akarudi jikoni. Nami, kichwa ngumu, nikaendelea kupiga brashi huku nikiimba. Wageni walikuja, wakasifu, nikavimba kichwa.

Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakuniambia kwamba guu laweza kuwa la mtu mwingine. Msimu wa pili wa mvua, mama alikanyaga ule ubao wa kwenye ngazi, ukakatika. Alivunjika mguu juu kidogo ya kifundo.

Jirani yetu, mzee aliyekuwa fundi wa mbao, ndiye aliyenisaidia kumpeleka hospitali. Tuliporudi alipiga magoti, akachoma mwisho wa ule ubao kwa msumari. Ukazama kama kwenye ndizi iliyoiva kupita kiasi. Juu, vanishi bado iling'aa.

"Kijana," akaniambia, "mbao hunywa maji pale ilipokatwa. Wewe uliwapakia wageni. Mama yako hukumpakia kitu."

Nililia, na sioni haya kukuambia.

Mguu ulipona, lakini mama hakutoka tena kwenye baraza lile peke yake. Alikuwa anasimama mlangoni, anauliza, "Uko hapo?" mpaka nije nimshike mkono. Nililitengeneza upya, nikarukaruka juu yake mbele ya macho yake, wapi! Ubao niliweza kuubadilisha. Woga wake sikuuweza.

Sasa mwanangu, umenionyesha picha za baraza lako la huko Theta, ukaniambia pesa zimebaki kidogo. Kuwa na kidogo si aibu. Acha mbao zikauke kwanza, hata mawingu yakikutisha. Zifunike kwa turubai usubiri, haraka haraka haina baraka. Kisha anza na ncha zote zilizokatwa, na matundu ya misumari, uzipake mpaka zikatae kunywa. Kitakachobaki ndicho cha juu. Kisipotosha, basi baraza likose sura, mvua haiangalii sura. Na nyumbani mwako iwe vivyo hivyo: kidogo ulicho nacho kimtangulie anayekanyaga hapo kila siku. Mgeni atasifu, atakunywa chai, ataenda kwao.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na akujalie mtu wako yeyote asikanyage kwako kwa woga.