Zimwi Lenye Mikono ya Shangazi

Yule Mzungu mpiga sinema sijamsamehe mpaka leo. Watoto wangu wananiambia nimezeeka, mambo ya ukoloni niyaache. Siyaachi.

Alifika Ifakara katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa kiangazi, masanduku ya kamera yamefungwa kamba juu ya lori. Alitaka kutengeneza sinema ya kutisha, yenye zimwi, ya kuonyeshwa kwa Waafrika katika miji ya njia ya reli. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu: lete, weka, upesi. Kwa hiyo alimwendea mkuu wa shule niliyokuwa nafundisha, akaomba mtu wa kumwandikia hadithi. Nikatolewa mimi, msichana wa miaka ishirini, mwalimu wa darasa la pili, mwenye Kiingereza kidogo cha chuo cha ualimu.

Kila siku baada ya vipindi nilikwenda na daftari langu kwenye baraza ya nyumba aliyopanga. Naona aibu kusema, lakini nilifurahi mno. Nilimtunga mvuvi wa Mofu asiyeogopa kiboko ila anamwogopa mama mkwe wake. Nilimtunga mke wake, mwanamke mwenye maneno machache, na dada wa mvuvi anayesema uongo hata akiulizwa amekula nini. Mzungu aliwapenda. Taabu ilikuwa zimwi.

Kwanza nilileta mamba mwenye sauti ya mtu. Akatikisa kichwa. "Mamba nimeshawapiga picha wengi."

Nikaleta zimwi la ukungu, linaloinuka mtoni na kumeza mashamba ya mpunga. Akacheka. "Ukungu sitaweza kuuvalisha nguo. Nataka zimwi lenye mwili. Lenye mikono. Watu wanaogopa mikono."

Nikarudi nyumbani Lipangalala nikiwaza mikono. Siku ya pili nikamsomea: zimwi linapita nyumba kwa nyumba, linabisha hodi kwa viganja visivyo na vidole.

Akapiga meza. "Hilo! Umelitoa wapi?"

Nami, kwa ulimi mwepesi wa mtu aliyesifiwa, nikamwambia.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja Mpogoro, mjane, aliyeugua ukoma akaletwa kutibiwa kutoka upande wa Mahenge. Alipona. Alipewa na cheti cha kupona, akakitunza ndani ya kitabu chake cha sala. Ugonjwa ulikuwa umemwachia dole gumba moja tu, na kwa hilo, na viganja, na meno, alisuka mikeka iliyowashinda wenye vidole kumi. Mtaa mzima tulimwita Shangazi.

Kesho yake Mzungu alitaka apelekwe kwake. Tulimkuta uani, ukindu umemzunguka. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba Mzungu anataka mikono yake iwe mikono ya zimwi kwenye sinema. Hakukasirika. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo zimwi anataka nini kwa watu?"

Nikatafsiri. Mzungu akainua mabega. "Hataki kitu. Ni zimwi."

"Mwambie hakuna kiumbe asiyetaka kitu," alisema Shangazi. "Mtu akibisha hodi, anataka kufunguliwa."

Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Wiki nzima nilikuwa nimelitafutia lile zimwi umbo, na sikuwa nimejiuliza hata mara moja linataka nini. Nikaandika upya. Zimwi likawa mtu aliyevushwa mto na ndugu zake alipougua, akaambiwa asirudi. Anabisha milango kwa sababu anatafuta nyumba yake. Mwishoni mke wa mvuvi anamfungulia, anamkaribisha, na watazamaji wanamwona uso kwa mara ya kwanza: ni mama wa mvuvi. Shangazi alisema kwa hadithi hiyo atakubali, na kwa hiyo tu. Mzungu akasema, "Ndiyo, ndiyo, nzuri sana." Nilimsikia kwa masikio yangu.

Walipiga picha siku tatu, ukingoni mwa mto. Shangazi alisimama kwenye matete, na kamera ikafuata mikono yake: ikitoka kwenye matete, ikigonga mlango, ikipapasa ukuta wa udongo. Kila nilipouliza kuhusu uso, kuhusu mlango kufunguliwa, nilijibiwa kesho. Siku ya nne nilipokwenda kwenye ile nyumba, nilimkuta mpishi anafagia. Lori lilikuwa limeondoka alfajiri.

Masika yalipokaribia, yakaja makaratasi. Makubwa, yamebandikwa ukutani kwa duka la sokoni, mahali ambapo kila mtu alipita. Picha ilikuwa ya mikono miwili, na chini yake kwa herufi nyekundu: ZIMWI LA KILOMBERO. Sinema yenyewe haikufika kwetu, mvua iliikata barabara. Karatasi zilitosha.

Mzungu nilimtegemea nini? Alikuwa mpita njia. Lakini wale wanawake wa Lipangalala! Waliokuwa wanapiga magoti na Shangazi kwenye benchi moja kila Jumapili, waliolalia mikeka yake, waliojifungulia juu ya mikeka yake! Ghafla waliona wasichokiona miaka yote. Kisimani walisubiri achote kwanza, halafu wakasuuza kamba. Watoto walimkimbia wakipiga kelele, na mama zao wakacheka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona hiyo sinema.

Jumamosi moja, soko limejaa, nilikwenda nikazichana zile karatasi zote. Mwenye duka alinikemea, watu wakakusanyika, baba yangu akaitwa kutoka kazini.

"Omba radhi," baba aliniambia mbele yao.

"Kwa nani, baba?"

"Kwa mwenye ukuta."

"Ukuta haukuumia."

Hakuwa amewahi kunipiga nikiwa mtu mzima, na siku ile hakunipiga, ila alinitazama kama mgeni. Nilikusanya vipande nikaenda navyo moja kwa moja kwa Shangazi. Nadhani nilitegemea kushukuriwa.

Alivitazama mapajani mwangu. "Karatasi umechana. Vizuri. Sasa niambie, yule mtu aliijuaje mikono yangu? Alikuwa hajafika mtaa huu."

Ningeweza kusema niliandika mwisho mzuri. Ningeweza kusema yeye mwenyewe alikubali kupigwa picha. Lakini nilikumbuka furaha yangu siku ile barazani, meza ilipopigwa.

Wiki ile ile alihamia Mofu kwa kaka yake. Alibebewa ukindu wake kichwani na wapwa zake, na hakuna jirani aliyetoka kumuaga ila mama yangu.

Nilimfuata wakati wa mavuno. Nilimkuta anaanika mpunga, ameufunga mkono wake wa kulia kitambaa kwa sababu aliungua jikoni bila kusikia maumivu, kwa ganzi aliyoachiwa na ukoma. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akanikalisha, akanipa wali na samaki. Aliuliza habari za baba na mama, na za shule. Kule Mofu, alisema, watu wana kazi nyingi, hawana nafasi ya kuogopa mikono ya mtu.

Nikamwambia, "Shangazi, nimekuja kuomba radhi."

"Najua," alisema. "Kula kwanza."

Nilikula. Hakurudia neno hilo, nami sikuthubutu kulirudia. Tangu nikiwa mtoto alikuwa ananiita mwanangu. Jioni ile aliponisindikiza mpaka njia panda, aliniita mwalimu, na mpaka anafariki, miaka mingi baadaye, hakuniita tena vinginevyo.